Sanduku Lililoombewa

Siku ya kuniaga nilipewa kipaza sauti, keki, na ukumbi mzima wa watu wenye njaa. Nikasema asanteni sana, nikaketi. Sufuria za pilau zilikuwa zimeshafunuliwa, na miaka yangu yote kazini imenifundisha kutoshindana na pilau. Baadaye mmoja wenu akanijia na sahani mkononi akaniuliza kitu ambacho nilitamani angeuliza mapema: kwa nini katika idara yetu sampuli hukaa nje ya mlango mpaka maombi ya kufungua mkutano yaishe, ndipo iingizwe? Alisema wenzake wanadhani ni sharti la usalama wa moto.

Si moto. Nitaeleza, lakini nitaanza mwanzo, kwa sababu jambo lenyewe halieleweki bila mwanzo wake. Nyinyi mnaokaa sasa katika kile chumba cha nyuma ya stoo, yasomeni haya mkipata nafasi. Msipoyasoma si neno, kuku wangu hapa Kombewa wameshayasikia.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vikichelewa kama maji ya mfereji, na vilipokuja nilikinga ndoo kama watu wengine.

Kwa asiyekijua kiwanda chetu, tunatengeneza vyombo vya plastiki kwa ajili ya makampuni mengine: kreti za mikate, mapipa ya molasi ya viwanda vya sukari, masanduku ya barafu ya viwanda vya samaki. Hatuuzi dukani. Mteja wetu ni kampuni nzima, na kampuni nzima haina mdomo mmoja. Anayetia sahihi hajawahi kubeba kreti, na anayebeba kreti hajawahi kuulizwa. Kazi ya idara yetu ni kuwakalisha wote pamoja, tubuni nao chombo kipya kabla kalibu haijakatwa. Kalibu ni lile bonge la chuma linaloipa plastiki umbo lake. Likishakatwa limekatwa. Ukiwa umekosea, utalitoa kosa hilo kwa maelfu, na kila moja litatoka safi, linang'aa.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, maana niliambiwa ni kazi ya kuchora na nikadhani wachoraji hukaa ofisini. Mkuu wangu, Injinia Wasonga, alivitazama viatu, akanipeleka kwenye jalala la kiwanda cha mikate. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Meneja wa kiwanda kile alikuwa ametuambia kwa simu kwamba kreti zetu ni nzuri, hazina shida yoyote. Wasonga hakwenda kwa meneja. Alizunguka nyuma, akaanza kupekua kreti zilizotupwa, nami nikamfuata nikizama visigino kwenye majivu.

Akaniokotea moja. "Unaona nini?"

"Imeharibiwa hapa pa kushikia," nikasema. Tundu la mkono lilikuwa limepanuliwa kwa kisu cha moto, kingo zimeyeyuka. Nikaokota nyingine, nayo ilikuwa hivyo hivyo.

"Haijaharibiwa. Imerekebishwa. Wapakiaji wanavaa glavu, na sisi tulipima vidole vitupu." Akaitupa. "Mteja atakudanganya kwa adabu, Awino. Takataka zake hazina adabu. Anza nazo."

Kisha tukaingia kwa meneja, tukanywa chai, akazisifu kreti zetu kwa mara nyingine, na Wasonga akamshukuru. Tuliporudi alipanua tundu la mkono kwenye mchoro, na mambo yakaishia hapo. Siku ya pili nilivaa raba.

Kanuni yake nyingine ilihusu sampuli. Kwa Wasonga, sampuli ya kumwonyesha mteja ilikuwa lazima iwe mbaya. Alizijenga kwa plaiwudi, vichwa vya misumari nje, alama za chaki kila mahali, na juu yake aliacha msumeno, kama mtu aliyeondoka mara moja kwenda kujisaidia. Nilidhani ni uvivu. Mpaka nilipomwona msimamizi wa molasi wa kiwanda kimoja cha sukari, mtu aliyekuwa amekaa kikao kizima amekunja mikono, akiinuka polepole, akiushika ule msumeno, na kukata mdomo wa pipa letu mwenyewe huku akisema, "Nyinyi, hii hamjui." Pipa hilo linauzwa mpaka leo. Kitu kilichokwisha watu wa huku hukisifu, maana kukikosoa ni kumtukana mwenyeji. Kitu kisichokwisha hukisaidia. Wateja walituita watu wa mbao, na Wasonga hakuona tusi ndani yake.

Msidhani alikuwa mtu wa kupendeka. Chai yake alikunywa peke yake. Harusi hakwenda, harambee alitoa bila kusema neno. Lakini baba yangu alipofariki, alikuja matangani, akakaa nyuma kabisa, na nilipomtafuta nimpe chakula nikamkuta amepindua benchi, anakaza mguu wake uliolegea. Niliondoka kimya nisimsumbue. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wake umeinamia lile benchi, nampenda.

Alipostaafu niliurithi msumeno, na nikazoea kuubeba ndani ya mkoba. Askari wa mageti ya wateja walinizoea pia.

Miaka hiyo ndipo walipokuja washauri kutoka Nairobi, na karatasi za rangi za kubandika ukutani. Kila mteja aandike ndoto yake kwenye karatasi ya njano na kero yake kwenye ya pinki. Ilikuwa mchana wa Kisumu, feni tatu zinazunguka kwa nguvu zote, na ndoto za wateja zikaruka chumba kizima. Moja ilijibandika mgongoni mwa mhasibu wetu, akaenda nayo nyumbani. Lakini niwe mkweli: washauri wale walituachia jambo moja la maana. Walisema mteja aitwe mara kadhaa kwa chombo kimoja, si mara moja. Wasonga alikuwa akiwaita mara moja tu kwa sababu hakupenda kuona watu.

Sasa nifike kwenye sanduku.

Rehema Salim alikuwa meneja wa uzalishaji katika kiwanda kimoja cha samaki hapa ufuoni. Ni mzaliwa wa mjini Kisumu. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa, akaoa huku, na Rehema akakua na Kiswahili nyumbani na Kijaluo sokoni. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na akishasema huwezi kumrudisha. Kiwanda chao kilikata mbuta, yaani sangara, minofu na kuisafirisha nje ya nchi. Shida yao ilikuwa njiani. Malori yao yalipita bichi, yaani fukwe wanakotia nanga wavuvi, moja baada ya nyingine asubuhi, kila bichi wakiongeza samaki ndani ya masanduku ya barafu yaliyokwisha pangwa ndani ya lori. Masanduku ya zamani vifuniko vyake vilikuwa vimevunjika, barafu iliyeyuka, na samaki walifika kiwandani wana joto. Mnunuzi wa nje alikuwa amekataa mzigo, akaonya.

Alikuja mwenyewe ofisini kwetu. Hakunywa chai aliyowekewa.

"Dada Awino, wakubwa wangu wanataka kuagiza masanduku kutoka nje. Nimewaomba wanipe msimu mmoja, tubuni letu na nyinyi, linalofaa barabara zetu na bichi zetu. Wamekubali, lakini kwa jina langu. Samaki wakikataliwa tena, laini ya pili inafungwa. Wanawake wanaokata minofu pale wengi wanatoka mtaa wa Obunga. Nawajua mmoja mmoja. Na ni mimi nitakayesimama getini kuwaambia wasiingie."

Nilimwambia tutajitahidi. Ni neno dogo, lakini sikuwa na jingine la kweli.

Tukawaita watu watakaolitumia sanduku. Wawili ndio walioibeba kazi. Wa kwanza alikuwa Mzee Ochieng', mwenyekiti wa madereva wa malori ya samaki, na Jumapili mzee wa kanisa, kanzu nyeupe na fimbo. Wa pili alikuwa mama tuliyemwita Min Atieno, anayepima na kupakia samaki bichi. Sampuli ya kwanza tulileta ya plaiwudi, mbaya ya kumfurahisha Wasonga. Min Atieno aliizunguka mara moja, akaikalia.

"Kwanza tuone kama inaketi," akasema. "Huko kwetu kiti hakuna. Sanduku ndio kiti."

Ikaketi. Kisha wakaanza. Mzee Ochieng' akakata pembe zilizokuwa zikikwaruza bodi ya lori lake. Min Atieno akashusha tundu la kutolea maji kwa sababu maji yalibaki chini na kuwaharibu samaki wa chini. Sampuli ya pili ilikuja na mabadiliko yao, nayo ikakaliwa na kukatwa. Kifuniko wakati huo kilikuwa ubao tu, na tulikuwa bado hatujakigusa. Rehema alisimama pembeni, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Ndipo mkurugenzi wetu akatangaza kwamba anakuja kutoka Nairobi pamoja na wenye kiwanda cha samaki, kuona sampuli ya tatu. Watu wa mauzo wakaichukua. Wakasema wageni wakubwa hawawezi kuonyeshwa mbao zenye misumari. Nilikataa, kukataa kwangu kukapokelewa vizuri, na rangi ikapakwa. Sanduku lilirudi la bluu, laini kama yai, lina nembo ya mteja ubavuni. Kifuniko nacho walikuwa wamekimaliza wenyewe: kikubwa, kizito, kimefungwa kwa bawaba zinazong'aa upande mrefu, ili kisipotee. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hilo lilikuwa limeandaliwa kutembezwa.

Mikutano yetu, kama mjuavyo, haianzi bila maombi. Sanduku likiwa katikati ya chumba, mkurugenzi akamwomba Mzee Ochieng' atuombee. Mzee akasimama. Wanaomjua Mzee Ochieng' wanajua kwamba haombi kwa ufupi. Aliombea wageni na barabara walizopitia. Aliombea ziwa. Kisha akasogea mbele, akaweka mkono wa kulia juu ya kifuniko, akakibariki: mikono iliyokijenga, mashine itakayokitoa, na samaki watakaolala ndani yake. Tukaitikia amina, hata wenye kiwanda. Rehema naye aliitikia.

"Sasa tuseme wazi," mkurugenzi akasema. "Tunataka maoni. Mabaya zaidi ya mazuri."

Min Atieno akasema, "Hii iko sawa kabisa." Dereva mwingine akasema iko sawa, na rangi ni safi. Mzee Ochieng' akasema Mungu amesaidia. Wakainuka mmoja baada ya mwingine, wakalisifu, wakaketi. Mkurugenzi alinitazama kwa furaha ya mtu ambaye nauli yake ya ndege haikupotea. Akasema wateja wameridhika kwa kauli moja, na kalibu ikatwe wiki ileile.

Penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile walikuwa wengi, na neno halikuharibika kwa sababu halikusemwa.

Kilichonisumbua nilikiona wakati wa chakula. Viti havikutosha. Min Atieno, ambaye angekalia hata kompyuta kama ingekuwa na urefu wa kufaa, alikula amesimama ameegemea ukuta. Sanduku lilikuwa karibu naye. Hakuna aliyelikalia.

Nikamwambia Rehema, "Naomba lori la Mzee kesho. Nataka kulizungusha hili."

"Wamelisifu," akasema.

"Ndiyo maana."

Asubuhi tukaenda naye, tumebanana mbele na Mzee Ochieng', sanduku la bluu nyuma limepangwa na ya zamani, limebanwa kwenye ubavu wa bodi. Bichi ya kwanza hapakuwa na tatizo, lilikuwa tupu, likashushwa na kujazwa chini kabla ya kupandishwa tena. Bichi ya pili ndipo tulipoona. Min Atieno alipanda juu ya lori na beseni la samaki, akafungua kifuniko. Kikagonga ubavu wa bodi, hakikuweza kulala nyuma, kikarudi. Akakiinua tena, akakiegemeza kwenye kichwa chake, akaanza kumimina samaki shingo imepinda.

Rehema akamwita kutoka chini. "Mama, mbona unakishika na kichwa?"

"Si ni kuzoea tu."

"Kila bichi utakuwa unafanya hivyo?"

"Iko sawa, madam. Iko sawa kabisa."

Nikamgeukia Mzee Ochieng'. Alikuwa amesimama karibu yangu, na mfukoni mwa koti lake nikaona mpini wa bisibisi. Aliona nimeona. Akanivuta kando, akasema kwa sauti ya chini, kama anayemfariji mfiwa.

"Nyar Seme, usiwe na wasiwasi." Ndivyo alivyoniita, binti wa Seme. "Hizo sanduku zikikuja, sisi tunatoa hiyo bawaba siku ya kwanza. Tunatoboa hapa na hapa, tunafunga na waya. Hakuna mtu atawaambia wakubwa. Hatuwezi kuwaaibisha."

Nataka mwelewe ubaya wa wema ule. Walikuwa wamekwisha kukaa, wote, wakapanga kuturekebishia kosa letu kimyakimya, wasituvunje moyo. Lakini ukuta wa sanduku la barafu una povu gumu ndani, na povu hilo ndilo linalozuia joto. Ukilitoboa, maji yanaingia. Povu likilowa, sanduku haliwi tena sanduku la barafu, linakuwa sanduku la nguo. Samaki wangefika kiwandani na joto lilelile, ila safari hii wamo ndani ya rangi ya bluu. Nilimweleza Mzee hivyo, na Rehema alisikia kila neno. Uso wake ulibadilika.

"Sasa mbona jana hamkusema?" nikauliza.

"Nitasema nini, nyar Seme? Mimi niliweka mkono hapo juu, nikasema Mungu abariki. Niinuke tena niseme hii ni mbaya? Si nitakuwa nimemwambia Mungu amebariki kitu mbaya?"

Min Atieno akasema kutoka juu ya lori, kifuniko bado kichwani, "Na mimi nitatoa wapi mdomo ya kupinga maombi ya jaduong'?" Jaduong' ni mzee wa heshima, na alilisema kwa heshima yote.

Nami ni mtu wa kanisa, na niliitikia amina kama wao. Kwa Wasonga nilifundishwa jalala na msumeno. Mambo ya baraka hakuwahi kunifundisha. Nilitazama lile sanduku na kwa kweli niliogopa. Kalibu ingeagizwa kabla ya wiki kwisha.

Rehema ndiye aliyesema. Alijifunga mtandio vizuri kwanza.

"Mzee, na mimi niliitikia amin jana. Sisi tukianza safari tunasema bismillahi. Njiani tukipotea, hatusemi bismillahi ilikuwa na makosa. Tunageuza gari."

Mzee akamtazama.

"Nikuulize kwa heshima, baba yangu. Jana uliombea sanduku, au uliombea kazi?"

Mzee Ochieng' alifikiri. Alifikiri kwa muda kiasi cha kumfanya Min Atieno akiteremshe kile kifuniko, apumzishe shingo. Watu wa bichi walianza kusogea kuona kuna nini.

"Niliombea kazi," akasema hatimaye.

"Na kazi imeisha?"

"Kazi?" Akalitazama sanduku, bawaba, ubavu wa lori. Nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. "Aa, wapi! Hii kazi bado kabisa. Leteni msumeno."

Nilikuwa nao. Mimi ndiye niliyeufungua mkoba, na kwa hilo tu nadhani nilistahili mshahara wangu wa mwaka ule.

Alikata mwenyewe. Chenga za rangi ya bluu zilimwangukia viatuni. Na alipokata tu, midomo ikafunguka bichi nzima. Kumbe kila mtu alikuwa na lake. Kifuniko ni kizito, kikatwe vipande viwili. Bawaba hazitakiwi, zitashika kutu na kumwumiza mtu. Kifungwe kwa kamba upande mfupi, kamba inapatikana kila bichi, ikikatika mtu anafunga nyingine bila kutoboa chochote. Kipande kimoja kikifunguliwa kilale juu ya kingine, kisiguse bodi. Min Atieno aligombana na dereva mmoja kuhusu urefu wa kamba mpaka nikahofia watapigana, na nikafurahi sana. Nilichora yote kwa chaki juu ya ile bluu yao laini.

Lakini kalibu bado ilikuwa njiani kuagizwa, na mkurugenzi na wenye kiwanda walikuwa wamesikia sifa kwa masikio yao wenyewe. Tulisimama Kondele kuweka mafuta, na hapo Rehema akapiga simu kwa bosi wake, kelele za pikipiki pande zote, kidole kimoja sikioni. Nilisikia upande wake tu.

"Ndiyo, walilisifu. Ndiyo, mbele yako... Najua nilikuwepo... Hapana, halifai. Najua msimu unaanza. Tutaanza na ya zamani na barafu zaidi... Hapana, si Awino. Andika ni mimi niliyesimamisha." Akasikiliza. "Basi iwe hivyo."

Akafunga simu. Akarudi kukaa mbele ya lori. Sikumuuliza "iwe hivyo" ni nini. Aliniambia miezi baadaye: wakubwa walikuwa wamemwambia mzigo wa kwanza wa masanduku mapya ukikataliwa, asifikirie kurudi hata yeye.

Kalibu ilikatwa kwa kuchelewa, kwa umbo la bichi. Wiki za mwanzo za msimu zilikuwa ngumu, Rehema akisimama getini kila lori likiingia, anawapima samaki joto kwa mkono wake mwenyewe. Kisha masanduku mapya yakaanza kazi, na mzigo ukaenda nje. Tukangoja. Nimefanya kazi nyingi, lakini kungoja kule kulinichosha kuliko zote.

Alinipigia mchana mmoja nikiwa stoo. Hakusalimu.

"Wamepokea," akasema. "Wote. Laini ya pili inabaki."

Nilikaa kwenye ngazi za stoo nikalia, kisha nikaenda kula. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingine yoyote kazini, na nasema hivyo bila aibu.

Ndiyo asili ya utaratibu wetu. Maombi kwanza. Sanduku lingoje nje. Watu wakishaitikia amina, liingie, na liingie likiwa baya, msumeno juu yake. Hakuna aliyekatazwa kuomba, na hakuna aliyefungwa mdomo. Mkiona kiongozi mpya anataka kupaka rangi mapema, msibishane naye sana. Mpeni nafasi ya kusimama juu ya lori na kifuniko kichwani.

Lile sanduku la bluu, pamoja na jeraha lake, watu wa mauzo walilichukua. Waliliweka kwenye ukumbi wa mapokezi na kibao kinachosema tulilibuni pamoja na wateja wetu, jambo ambalo ni kweli, ingawa si kwa namna waliyoimaanisha. Lilikaa pale miaka, likafutwa vumbi kila asubuhi. Siku ya kuniaga wakanipa liwe zawadi. Ndilo liko sebuleni hapa Kombewa, karibu na dirisha. Wageni hulisifu. Wanawake wa chama wakija na viti vikipungua, wanakaa kwenye mkeka. Mimi mwenyewe nilikuwa nalipita kama kaburi. Asubuhi bado nilikuwa naamka saa ya kwenda kazini, nakunywa chai nimesimama, kisha natafuta mkoba.

Wiki iliyopita Mzee Ochieng' alikuja hospitali ya hapa kupimwa presha, akapita kunisalimu. Amezeeka, fimbo sasa si ya Jumapili tu. Akaombea nyumba. Akaombea chai, ikapoa. Kisha akachukua kikombe chake, akaviacha viti vyote vya sofa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye sanduku la bluu, akaliketia.

"Mzee," nikamwambia, "hilo uliliombea."

"Niliombea kazi, nyar Seme." Akanywa chai, akanitazama pale nilipokuwa nimesimama na kikombe changu. "Na kazi si imeisha?"

Sikuwa nimelisema neno hilo hata siku moja tangu nilipokata ile keki.

"Imeisha," nikasema. "Songa kidogo."

Akasogea, nami nikaketi.